Mkono Mtupu na Mkono Ulioshika

Karibu na Timau, pale barabara ya Nanyuki kwenda Meru inapokata mashamba ya ngano na shayiri, kuna njia iliyojengwa chini ya lami kwa ajili ya tembo. Ilianza kutumika mwaka 2011. Tembo wanaoshuka kutoka msitu wa Mlima Kenya hupita hapo, malori yakinguruma juu yao, kisha hufuata ukanda wenye ua wa kilomita 14 hivi hadi msitu wa Ngare Ndare na hifadhi ya Lewa. Mkulima wa viazi wa upande huu anamfahamu tembo kwa nyayo zake shambani na kwa hasara anayoiacha. Kumshikia chupa ya maziwa anywe si jambo analoliwazia.

Aprili 2018, watu waliofika New York kwenye tamasha la filamu la Tribeca walipewa nafasi ya kumlea tembo wa kwetu. Shirika la Conservation International lilikuwa limepeleka huko My Africa, filamu ya uhalisia pepe iliyoongozwa na David Allen na kusimuliwa kwa sauti ya Lupita Nyong'o. Inahusu kituo cha Reteti, kilichofunguliwa mwaka 2016 katika hifadhi ya jamii ya Namunyak, Samburu, ambako Wasamburu wenyewe hulea watoto wa tembo waliopoteza mama zao. Pamoja na filamu kulikuwa na sehemu ya kushiriki: mgeni anavaa miwani, anashika nafasi ya mlezi wa Reteti, na kumhudumia mtoto wa tembo kwa mikono yake. Simama Timau asubuhi isiyo na ukungu, tazama kaskazini. Ardhi inayoporomoka kuelekea Isiolo na Samburu ndiyo hiyo waliyoletewa watu wa New York.

Katika habari hiyo yote, kilichonishika ni mikono. Kuyadanganya macho kumekuwa kazi inayojulikana: lenzi mbili, skrini mbili zenye tofauti ndogo ya pembe, na kompyuta inayochora upya kila unapogeuza kichwa. Mkono ni shahidi mgumu zaidi. Unakisia uzito kabla hujainua, unatambua baridi ya chuma na ubichi wa ukuni, na hausahau. Kuushawishi kwamba umeshika kitu ambacho hakipo ni ufundi wa hali ya juu, na mafundi wake wamefuata njia mbili. Wapo wanaokupa kidhibiti ukishike, na wapo wanaotaka uje mikono mitupu. Nimezifuatilia kazi za pande zote mbili kwa muda mrefu, nami nazipenda, ingawa si kwa kiasi kimoja.

Kulikuwa na zama ambazo mkono haukuwepo kabisa. Mwaka 2014 Google ilitoa Cardboard, boksi la karatasi ngumu lenye lenzi mbili ambalo unatumbukiza simu ndani yake. Wasanii wetu hawakuchelewa. Mwaka 2017 Ng'endo Mukii alitoa Nairobi Berries, na kundi la The Nest Collective la Nairobi likatoa Let This Be a Warning, zote filamu za kuzungukwa: unageuza shingo na picha iko kila upande. Ni kazi nzuri. Lakini inamisha kichwa ujitazame, huna mwili. Wewe ni jicho linaloelea. Katika michezo ya miwani hizo za simu, ukitaka kuchagua kitu ulikikodolea macho mpaka duara dogo lijae, na jicho, ambalo kazi yake ni kuzurura, likalazimishwa kusimama kama mlinzi langoni. Hakuna mchezaji aliyevumilia hilo kwa saa nzima.

Ajabu ni kwamba waasisi wa fani hii walianza na mkono mapema. Ivan Sutherland alionyesha kifaa cha kuvaa kichwani mwaka 1968, na katika miaka ya 1980 kampuni ya VPL ya Thomas Zimmerman na Jaron Lanier ilikuwa inauza glavu yenye nyuzi za mwanga juu ya vidole: ukikunja kidole, mwanga unaopita kwenye uzi unapungua, na mashine inajua umekunja kiasi gani. Bei yake ilikuwa ya maabara. Mwaka 1989 Mattel ikatoa Power Glove ya kuchezea mashine za Nintendo, glavu ya bei ya watoto, na watoto wakagundua kwamba haiwatii. Kwa hiyo kidhibiti cha leo si mtangulizi wa mkono mtupu. Kilikuja baada ya ndoto ya mkono mtupu kushindwa mara ya kwanza, kama jibu la mafundi waliokubali kwamba mkono unahitaji kitu cha kushika.

Nikitazame kidhibiti hicho taratibu, maana watu wengi hukiona kama kipande cha plastiki chenye vitufe. Desemba 2016 kampuni ya Oculus ilitoa Touch, jozi ya vidhibiti, kimoja cha kila mkono. Umbo lake linaufanya mkono ukae nusu ngumi, kama unavyokaa wenyewe ukiwa umepumzika. Chini ya kidole cha shahada kuna kifyatulio. Chini ya kidole cha kati kuna kitufe cha kukamatia. Gumba linakaa juu ya kijiti. Hapa ndipo pana ubunifu ninaousifu kuliko mwingine wote wa kifaa hiki: vitufe hivyo vinatambua kuguswa hata kabla ya kubonyezwa. Ukiinua kidole cha shahada kutoka kwenye kifyatulio, mkono wako ndani ya mchezo unanyoosha kidole. Ukiinua gumba, unaonyesha dole gumba. Hakuna aliyekufundisha. Fundi aligeuza kutobonyeza kuwa tendo.

Halafu kuna suala la kujua kidhibiti kiko wapi. Ndani yake mna vihisi vinavyopima mzunguko na mchapuko mara mamia kwa sekunde. Juu yake kuna taa ndogo za infraredi, jicho letu halizioni ila kamera zinaziona. Kihisi ni chepesi lakini kinapotoka: kosa dogo la mchapuko hugeuka kosa la mwendo, kosa la mwendo hugeuka kosa la mahali, na kwa sekunde chache tu mkono wako unaweza kuelea hadi ukutani. Kamera hazina haraka hiyo lakini hazipotoki. Programu inaviunganisha viwili hivyo, kila kimoja kikisahihisha udhaifu wa mwenzake. Ukipeleka mkono nyuma ya mgongo kama mtu anayechomoa mshale kwenye podo, kamera hazioni kitu, vihisi vinabaki peke yao vikikisia kwa kitambo kidogo, na mkono unaporudi mbele kamera zinarekebisha kosa bila wewe kuhisi mshtuko. Mchezaji anayerusha mishale mia jioni moja hana habari na makisio hayo yote. Hiyo ndiyo sifa yake.

Kurusha nako kuna siri yake. Mtu akirusha jiwe, vidole havifunguki kwa wakati ule ule anaodhani vinafunguka. Mbunifu akichukua kasi ya mkono katika nukta kamili ambayo kitufe kimeachiliwa, jiwe litaanguka miguuni au litapaa juu. Kwa hiyo mafundi wazuri hutazama nyuma kidogo, kwenye fremu chache zilizotangulia, na kulipa jiwe kasi uliyokusudia. Wanasoma nia yako.

Mchezo uliokiheshimu kidhibiti kuliko yote, kwa maoni yangu, ni Beat Saber, uliotolewa Mei 2018 na Beat Games ya Prague, Cheki. Una panga mbili za mwanga, michemraba ya rangi inakujia kwa mdundo wa muziki, nawe unaikata kwa upande ulioonyeshwa na mshale. Maelezo yake ni mafupi hivyo. Ufundi uko kwenye hesabu ya alama: pigo moja lina alama 115. Sabini ni za kuinua upanga vizuri kabla ya kukata, kwa pembe ya digrii 100. Thelathini ni za kuuacha upite baada ya kukata, digrii 60. Na 15 za mwisho ni za kukata katikati. Angalia walichofanya. Wangeweza kukulipa kwa kugusa tu, nawe ungechezesha vifundo vya mikono ukiwa umesimama kama mti. Badala yake wamekulipa kwa mwendo mzima wa bega, kiwiko na kifundo, na kwa hiyo anayesaka alama anajikuta anacheza ngoma. Na kila mchemraba unapopasuka, kidhibiti kinatetema kwa nukta fupi mno. Mtetemo huo haufanani hata kidogo na kukata kitu, lakini unafika pamoja na sauti na picha, na ubongo unavipokea vitatu kama tukio moja.

Jirani yake ni Job Simulator ya Owlchemy Labs ya Texas, ya mwaka 2016, mchezo wa kuchekesha kuhusu kazi za binadamu kama roboti wanavyozielewa. Ukichukua nyanya mle, mkono wako unatoweka. Nyanya inabaki ikielea mahali mkono ulipokuwa, nawe huoni. Watu hucheza saa nzima bila kutambua kwamba kila waliposhika kitu hawakuwa na mkono. Wabunifu waligundua kwamba kuchora vidole vikikumbatia nyanya kwa usahihi ni kazi kubwa yenye makosa mengi, na kwamba mtu aliyeshika nyanya anatazama nyanya. Wakaondoa mkono. Valve walichukua njia ya kinyume katika Half-Life: Alyx, Machi 2020: walichora mkono unaojikunja wenyewe kufuata umbo la kila chupa, kitasa na kopo. Njia zote mbili ni sahihi. Moja imejenga imani kwa kuacha, nyingine kwa kuongeza, na anayetaka kujifunza ufundi huu azicheze zote mbili kwa siku moja.

Kwa nini mkono unahitaji kitu? Nenda mashamba ya waridi ya Timau utazame mkataji akiwa kazini ndani ya nyumba ya plastiki. Mkono mmoja umeshika shina, mwingine mkasi. Mkasi una springi. Ukiubana unasukumana nawe, shina linakaza, kisha linakatika na ukaidi wote unaisha mara moja. Mkataji mzoefu hahitaji kutazama kila shina, mkasi umemwambia. Kifyatulio cha kidhibiti kina springi kwa sababu hiyo hiyo. Kinakataa kidogo, halafu kinakubali. Upinzani huo mdogo ndio unaomwambia mchezaji kwamba ametenda.

Sasa mkono mtupu, na hapa sharti nipunguze mwendo, kwa kuwa ugumu wake hauonekani kwa macho.

Desemba 2019 miwani ya Oculus Quest ilipata uwezo wa kufuatilia mikono bila kidhibiti. Hakuna kifaa kipya kilichoongezwa. Kamera nne zilezile zilizokuwa zikitazama chumba na taa za vidhibiti sasa zilifundishwa kutazama nyama na mifupa. Mkono wa binadamu una mifupa 27 na hauna taa hata moja. Ngozi inakunjamana, vidole vinafanana, kimoja kinakificha kingine. Programu ya mtandao wa neva bandia hutafuta kwanza mkono uko sehemu gani ya picha, kisha inakisia mahali pa nukta 21: ncha za vidole, viungo vyake, kifundo. Kutoka kwenye nukta hizo inajenga mifupa ya kubuni inayolingana na ukubwa wa mkono wako, na hiyo ndiyo unayoiona. Yote hayo yanafanyika makumi ya mara kwa sekunde, ndani ya kifaa kinachotumia betri.

Mara ya kwanza mtu anapoona vidole vyake vikisogea ndani ya miwani, huvitazama tu. Anavikunja kimoja kimoja, anageuza kiganja. Vidhibiti havijawahi kunipa mimi furaha hiyo. Kisha anajaribu kushika kikombe, na furaha inakutana na hewa.

Hapo ndipo mafundi wa mkono mtupu walipoonyesha akili yao. Ishara waliyoichagua iwe msingi wa kila kitu ni kubana gumba na kidole cha shahada. Fikiria kwa nini si kunyoosha kidole, kwa nini si kufunga ngumi. Vidole viwili vinapogusana, mkono unajigusa wenyewe. Kuna mguso wa kweli, wa ngozi kwa ngozi, wenye nukta kamili ya kuanza na nukta kamili ya kuisha. Chumba kimejaa hewa isiyojibu, na fundi amepata kitu kigumu cha kukusukuma: kidole chako mwenyewe. Apple walipotoa Vision Pro Februari 2024 bila kidhibiti chochote, walitumia ishara hiyo hiyo, jicho likichagua na vidole vikithibitisha.

Ufundi wa pili ni wa meza. Ukiweka kiganja juu ya meza ambayo haipo, mkono wako halisi unapita katikati yake. Mbunifu mzuri haufuati. Anausimamisha mkono uliochorwa juu ya ubao, wakati mkono wako wa kweli umeshazama sentimita kadhaa, na wewe unaamini ule uliochorwa. Mwaka 1998 watafiti Matthew Botvinick na Jonathan Cohen walieleza jambo la jamii hiyo: mtu akiona mkono wa mpira ukipapaswa kwa brashi huku mkono wake uliofichwa ukipapaswa sawia, baada ya muda anauhisi ule wa mpira kuwa wake. Jicho linaushinda mkono kwenye mabishano. Ndiyo maana meza ya hewa inaweza kuonekana ngumu, almuradi fundi asiidai imani hiyo mara nyingi mno.

Michezo iliyofaulu kwa mikono mitupu ni ile iliyojua mipaka yake. Cubism ya Thomas Van Bouwel, ya mwaka 2020, ni fumbo la vipande vya rangi vinavyoelea mbele yako. Unavishika kwa kubana, unavizungusha, unavipanga viingie kwenye umbo moja. Hakuna uzito, hakuna kasi, hakuna kinachoanguka. Van Bouwel hakukosea kuondoa mvutano wa ardhi: kitu kisicho na uzito hakiudai mkono uhisi uzito. Hand Physics Lab ya Holonautic, ya mwaka 2021, ilikwenda upande mwingine na kuufanya ugumu wenyewe kuwa mchezo: bonyeza kitufe kwa kidole kimoja, paka yai rangi, panga michemraba bila kuiangusha. Unashindwa, unarudia, na unagundua kwamba hujawahi kuutazama mkono wako kwa makini hivyo tangu ulipojifunza kuandika.

Lakini ukimpa mchezaji wa mikono mitupu panga za Beat Saber, mambo yanaharibika. Mkono unaokwenda kasi unakuwa ukungu kwenye picha. Mikono ikipishana, mmoja unaufunika mwingine, na programu inabaki kukisia bila vihisi vya kuisaidia. Hakuna mtetemo. Meta, kampuni iliyo nyuma ya miwani za Quest, iliboresha sana jambo hili Aprili 2022, mikono inayogusana ikaacha kupotea hovyo, lakini pengo halikufungwa. Na Apple wenyewe, waliouza miwani yao kwa fahari ya kutokuwa na kidhibiti, mwaka 2025 walivifungulia mlango vidhibiti vya PlayStation VR2. Nililipokea hilo kama ushahidi mkubwa: hata mwenye fedha nyingi kuliko wote hakuweza kuubadilisha mkono.

Kuna mtihani ambao ningependa mafundi wetu waukabili, nao ni bao. Namaanisha bao la Waswahili lenyewe, safu nne za mashimo manane, kete 64, linalochezwa Lamu, Mombasa na Unguja. Na huku mlimani nako wazee wamekuwa na bao lao tangu zamani. Mchezo unaanza na kila mmoja akiwa na kete kumi ubaoni na 22 za akiba. Mwanzo ni namua, baadaye mtaji. Mchezaji anakomba shimo, kete zinajaa kiganjani, kisha anazipanda moja moja shimo kwa shimo, gumba likizisukuma kutoka kwenye kunjo la vidole. Mjuzi hazihesabu kwa macho. Kiganja kimeshamwambia kama ni tano au saba, na kabla ya kete ya mwisho kuanguka ameshajua atakula au atalala.

Jaribu kulitengeneza hilo kwa mkono mtupu. Kamera inaona mgongo wa kiganja. Kete ziko ndani, gumba liko ndani, na kitendo chote cha mchezo kiko mahali ambapo kamera haioni. Na hata ingeona, kiganja chako kiko tupu. Ile hesabu ya ngozi haipo. Kwa kidhibiti, naona njia. Kitufe cha kukamatia kibebe fungu la kete. Kifyatulio, ambacho hakijui tu kubonyezwa na kuachwa ila pia kubonyezwa kwa kiasi gani, kiachie kete kadiri kinavyozama, na kila kete inayodondoka iwe na mpigo wake mdogo wa mtetemo. Mpigo wa kete ya mwisho uwe tofauti. Na wakati wa kukomba, mtetemo uwe mzito kulingana na idadi, ili mchezaji ajue wingi wa fungu lake kabla hajatazama. Sidhani kama mzee wa Lamu angeufananisha na kete za kweli, lakini nadhani angecheza mpaka mwisho. Ndio mchezo ambao ningenunua siku ya kwanza.

Kwa upande wa pili, kuna kazi ambayo kidhibiti hakiwezi na hakitaweza. Katiba ya Kenya ya 2010 inaitambua Lugha ya Ishara ya Kenya, na Bungeni ni miongoni mwa lugha rasmi. Kiziwi aliyeshika kidhibiti kila mkono amezibwa mdomo. Viziwi wanaokutana ndani ya VRChat, ukumbi wa mtandaoni wa maongezi, walilazimika kubuni ishara za kuzunguka upungufu huo, wakitumia vidhibiti vya Valve Index ambavyo vimefungwa kiganjani kwa mkanda na vinahisi kila kidole, na hata hivyo ishara nyingi zilibidi zibadilishwe umbo. Mkono mtupu unamrudishia mtu vidole vyake vyote kumi. Bado kuna ishara zinazoishinda kamera, hasa pale mikono inapogusana au kupishana, lakini hapo mwelekeo ni wazi, na mbunifu anayewajali wachezaji viziwi lazima aanzie kwenye mikono mitupu.

Anayetaka kucheza huku Timau ana mambo machache ya kuzingatia. Jua letu hili la karibu na mstari wa Ikweta ni adui wa lenzi: zikilielekea jua, mwanga unakusanywa na kuchoma skrini iliyo nyuma yake kwa muda mfupi, na doa hilo haliondoki. Miwani isiachwe dirishani wala kwenye gari. Usiku nao, chumba chenye taa hafifu kinazinyima kamera kile zinachohitaji, na mkono mtupu ndio unaoumia kwanza. Kidhibiti, chenye taa zake, huvumilia zaidi. Ndani ya chumba kidogo, sogeza meza na viti kabla hujavaa, na usicheze panga karibu na mtoto.

Kuhusu bei, Quest 3S ilipotoka Oktoba 2024 ilianza kuuzwa dola 299.99, yaani Sh 39,000 hivi kabla ya kodi na usafirishaji. Si fedha ndogo. Lakini kwa kikundi cha vijana, au chumba cha michezo ambako watu tayari hulipa kucheza kandanda kwenye PlayStation, inawezekana. Miwani hiyo huja na vidhibiti viwili na hufuatilia mikono mitupu pia, kwa hiyo mtu hahitaji kuchagua upande kabla hajajaribu.

Na kwa wanafunzi wa kompyuta wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru, kule Nchiru, na wenzao wa Nairobi: zana za kutengenezea michezo hii zipo bila malipo. Godot ni ya bure, inakubali OpenXR, na OpenXR inazungumza na miwani za kampuni nyingi, zenye vidhibiti na zisizo navyo. Watu wa mbali walishachukua tembo wa Samburu wakamweka mikononi mwa watu wa New York, na walifanya vizuri. Bao bado liko kwetu. Litengenezeni, mlitengeneze kwa kidhibiti kwanza, na kabla hamjalitoa mpelekeeni mchezaji mzee alishike.